Mafuta hubeba mwamba: funzo la nyufa na uzito kutoka Ekofisk

Ndugu msikilizaji, mtu akisikia redioni kwamba mahali fulani yamegunduliwa mafuta ya petroli, aghalabu picha inayomjia kichwani ni ya ziwa. Anafikiri kwamba huko chini ya ardhi kuna pango kubwa lililojaa mafuta meusi, na kwamba kazi ya wahandisi ni kutoboa tundu, kuteremsha bomba na kuvuta, kama tuvutavyo maji kwenye kisima cha nyumbani. Picha hiyo ni nyepesi kuielewa, lakini si ya kweli. Hakuna ziwa, wala hakuna pango. Mafuta hukaa ndani ya jiwe lenyewe, na jiwe hilo limebebeshwa uzito wa mamia au maelfu ya mita za miamba mingine iliyolala juu yake.

Ukishalijua hilo, swali hubadilika. Haitoshi tena kuuliza kuna mafuta kiasi gani. Inabidi kuuliza mambo mawili zaidi. Kwanza, mafuta hayo yatapita wapi ndani ya jiwe hadi yafike kisimani? Pili, yakishatoka, ni nani atakayebaki akiubeba ule mzigo? Maswali haya ni ndugu, na leo nataka tuyafuate mpaka Bahari ya Kaskazini, kwenye eneo la mafuta la Norwe liitwalo Ekofisk. Huko, watu waliokuwa wakichuma utajiri mkubwa waligundua siku moja kwamba sakafu ya bahari ilikuwa inazama chini ya miguu yao.

Kabla hatujasafiri kwenda huko, tuanze na kitu tunachokifahamu sote: mtungi wa udongo. Ukiujaza maji jioni, asubuhi utaukuta umetoa jasho kwa nje. Maji yamepenya polepole kupitia vitundu vidogo mno ambavyo jicho halivioni, na jasho hilo ndilo linaloyapoza maji ya ndani. Sasa chukua mtungi mwingine wenye ufa. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele; ukitaka kuhifadhi maji ndani ya ufa huo, hautakupa hata kijiko kimoja. Lakini uache usiku kucha, na alfajiri utaukuta mtungi mtupu na sakafu imelowa.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza. Jiwe lenye mafuta lina nafasi za namna mbili. Kuna vitundu vilivyomo kati ya chembe na chembe, na kuna nyufa zilizolikata jiwe zima. Vitundu ndivyo ghala, kwa sababu humo ndimo mafuta mengi yalimohifadhiwa. Nyufa ndizo barabara, kwa sababu humo ndimo mafuta yanamopita kwa urahisi. Jiwe lenye ghala kubwa lisilo na barabara humpa mchimbaji jasho la mtungi tu. Jiwe lenye barabara nyingi lisilo na ghala humpa mafuta ya siku chache, kisha kisima kinakauka. Jiwe lenye vyote viwili ni neema.

Ekofisk ilikuwa neema ya namna hiyo. Eneo hilo liligunduliwa mwaka 1969 na kampuni ya Marekani iliyoitwa Phillips Petroleum, baada ya visima vingi kuchimbwa katika bahari ya Norwe bila mafanikio ya maana. Uzalishaji ulianza mwaka 1971. Mahali penyewe ni katikati ya bahari, yapata kilomita 300 kusini magharibi ya mji wa Stavanger, penye kina cha maji cha mita 70 hivi. Mafuta yako kilomita tatu chini ya bahari, na jiwe lililoyahifadhi ni chaki. Ni jiwe jeupe, laini, la jamii moja na lile la majabali meupe ya Dover huko Uingereza, lililofanyika kwa mabaki ya viumbe vidogo mno vya baharini vilivyokufa na kulala sakafuni zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita.

Chaki hiyo ina vitundu vingi ajabu. Katika sehemu zake nzuri, theluthi moja hadi zaidi ya asilimia 40 ya ujazo wa jiwe ni nafasi iliyojaa mafuta na maji. Ghala lilikuwa kubwa. Lakini vitundu hivyo ni vidogo kupita kiasi, na milango kati ya kimoja na kingine ni miembamba zaidi. Kama ingekuwa ni vitundu peke yake, mafuta yangetoka kwa kudondoka. Kilichoifanya Ekofisk iwe Ekofisk ni nyufa. Chaki ile ilikuwa imekunjwa na kuinuliwa katika maelfu ya karne, ikapasukapasuka, na nyufa zake ziliwezesha mafuta kupita kwa wepesi wa makumi ya mara kuliko ambavyo yangepita kwenye vitundu vitupu.

Ndugu msikilizaji, hapa yafaa nitaje jambo moja kuhusu ufa ambalo wengi hawalitarajii. Mtu angedhani kwamba ufa ukipungua upana kwa nusu, na mafuta yanayopita humo yatapungua kwa nusu. La hasha. Vipimo na hesabu zinaonyesha kwamba, msukumo ukiwa ni uleule, upana ukipungua nusu, kinachopita hubaki sehemu moja tu kati ya nane. Upana ukiongezeka mara mbili, kinachopita huongezeka mara nane. Kwa hiyo badiliko dogo mno la upana, dogo kuliko unene wa karatasi, laweza kugeuza kisima kizuri kuwa kibovu, au kibovu kuwa kizuri.

Basi ni kitu gani kinachoamua upana wa ufa ulioko kilomita tatu chini ya ardhi? Ni uzito ulio juu yake, mkandamizo wa pembeni, na msukumo wa mafuta yaliyo ndani yake. Ndiyo maana mtu hawezi kuzungumzia nyufa bila kuzungumzia mizigo.

Tuutazame mzigo huo kwa mfano wa tairi. Lori likiwa limesheheni magunia, ni nani anayebeba ule mzigo? Utasema ni tairi. Lakini mpira wa tairi peke yake hauwezi; anayebeba hasa ni upepo uliomo ndani. Toa upepo kidogo, tairi litalegea. Toa zaidi, na mzigo wote utashukia kwenye ringi, na mpira utabanwa na kukatika. Lori halikuongezewa hata gunia moja. Aliyebadilika ni mbebaji.

Mafuta yaliyomo ndani ya mwamba ndiyo upepo wa tairi hilo. Huko Ekofisk, uzito wa miamba na bahari iliyo juu ya ile chaki ulikuwa kiasi cha pauni 9,000 kwa kila inchi ya mraba. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kiasi cha pauni 30. Msukumo wa mafuta ndani ya chaki, kabla ya kuchimbwa, ulikuwa kiasi cha pauni 7,000. Yaani, katika mzigo wa 9,000, mafuta yalikuwa yamejitwika 7,000, na mifupa ya chaki ilibaki kubeba 2,000 tu. Chaki ile laini iliweza kukaa mamilioni ya miaka na vitundu vyake vyote kwa sababu haikuachiwa mzigo peke yake. Ilikuwa na mwenzake.

Kisha mwaka 1971 binadamu akaanza kumtoa yule mwenzake. Kila pipa lililopanda juu lilipunguza msukumo uliobaki chini. Kufikia miaka ya katikati ya 1980, katika sehemu nyingi za Ekofisk msukumo ulikuwa umeshuka hadi kukaribia nusu ya ule wa awali. Uzito wa juu haukupungua hata chembe. Mifupa ya chaki, iliyozoea kubeba 2,000, sasa ilidaiwa kubeba zaidi ya 5,000. Ikaanza kuvunjika. Vitundu vikajifunga kimoja baada ya kingine, na tabaka zima la chaki likawa jembamba zaidi.

Huenda ukauliza: je, kilomita tatu za miamba iliyo juu haziwezi kujishikilia zenyewe kama daraja linavyovuka mto? Zingeweza kama shimo lingekuwa dogo. Lakini eneo la Ekofisk lina upana wa kilomita kadhaa, na miamba ya juu yake ni tope lililogeuka jiwe, si granaiti. Ikashuka pamoja na chaki. Sakafu ya bahari ikatengeneza bonde mfano wa sinia, na katikati ya sinia hilo ndipo yaliposimama majukwaa ya chuma, mabomba, karakana na vyumba vya kulala watu.

Kuzama huko kuligunduliwa mwaka 1984. Pale katikati palikuwa na tangi kubwa la saruji la kuhifadhi mapipa milioni moja ya mafuta, lililowekwa sakafuni mwa bahari mwaka 1973. Tangi hilo lilizungukwa na ukuta wenye safu za matundu ya kuvunja nguvu ya mawimbi. Watu waliokuwa wakilitazama waliona kwamba safu za matundu zilizo juu ya maji zilikuwa zimepungua zikilinganishwa na zilivyokuwa zamani. Matundu hayakupotea. Yalikuwa yamezama. Vipimo vilipofanywa, ilidhihirika kwamba sakafu ya bahari ilikwishashuka kwa kiasi cha mita tatu, na ilikuwa inaendelea.

Mita tatu si jambo la mchezo. Jukwaa la baharini hujengwa kwa kuacha nafasi kati ya maji na sakafu yake ya chini, ili wimbi kubwa la dhoruba lipite chini bila kuligusa. Bahari ya Kaskazini haina huruma wakati wa majira ya baridi. Na watu wa sehemu zile walikuwa wamekwisha kuonja machungu yake: tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la malazi lililoitwa Alexander L. Kielland, lililokuwa likihudumia eneo hilohilo, lilipinduka na kuua watu 123. Chanzo cha msiba ule hakikuwa kuzama kwa sakafu ya bahari. Kilikuwa ufa katika mhimili wa chuma. Hata hivyo, kwa mfanyakazi aliyelala kitandani katikati ya bahari, habari kwamba mawimbi yanasogea karibu na sakafu ya chumba chake haikuhitaji kufafanuliwa na profesa.

Ndipo mwaka 1987 ikafanywa kazi ambayo hadi leo wahandisi huisimulia. Miguu ya majukwaa sita ilikatwa, majukwaa yakainuliwa kwa jeki zinazoendeshwa kwa nguvu ya mafuta mazito, na vipande vipya vya chuma vyenye urefu wa mita sita vikaunganishwa katikati. Majukwaa yaliyoungana kwa madaraja na mabomba ilibidi yapande kwa pamoja, kwa mwendo mmoja, kama wapagazi waliobeba jeneza. Tangi la saruji halikuweza kuinuliwa. Hilo lilizungushiwa ukuta mwingine wa saruji mwaka 1989, ulioletwa kwa vipande viwili na kufungwa kulizunguka. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ekofisk walijenga ukuta kwelikweli, ila kwao nyufa hazikuwa za kuzibwa, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikileta riziki.

Hilo linaturudisha kwenye zile nyufa. Kama mwamba ulikuwa unabanwa kiasi cha kuvunja vitundu, je, nyufa nazo hazikufungwa? Na kama upana ukipungua nusu kinachopita hubaki sehemu moja ya nane, mbona visima vya Ekofisk havikufa?

Hofu hiyo ilikuwepo, na ilikuwa hofu ya haki. Katika maeneo mengi ya mafuta duniani, nyufa hujifunga kadiri msukumo wa mafuta unavyoshuka. Lakini vipimo vilivyofanywa Ekofisk vilionyesha jambo lisilotarajiwa: kwa jumla, chaki iliendelea kupitisha mafuta vizuri kuliko ilivyotazamiwa, ingawa ilikuwa inasagika. Kuelewa sababu, inabidi tujue kwamba mwamba haukandamizwi kutoka juu peke yake. Hubanwa pia kutoka pembeni, na mabano hayo hayalingani.

Chukua kitabu chenye jalada laini. Kibane kati ya viganja viwili, kimoja juu ya jalada la mbele na kingine nyuma. Kurasa zitashikamana na hata upepo hautapita. Sasa kibane kwa kingo zake, ncha ya juu na ncha ya chini. Kurasa zitapinda na kuachana. Nguvu ni ileile na kitabu ni kilekile, ila upande wa kubana umebadilika. Nyufa za mwamba ni kama kurasa hizo. Ufa uliolala sambamba na mkandamizo mkubwa huelekea kubaki wazi, na ufa uliokingama mbele yake huelekea kufungwa. Ndiyo maana mhandisi mwenye busara, kabla ya kuchimba kisima kinachokwenda kwa ubavu, hutaka kwanza kujua ardhi inabanwa zaidi kutoka upande gani, ili kisima chake kikatize nyufa zilizo wazi badala ya kupita kandokando yake.

Huko Ekofisk kulikuwa na jambo la ziada. Mafuta yalipotolewa, mzigo wa wima ulioiangukia chaki uliongezeka kwa kasi kuliko ule wa pembeni. Mwamba ukabanwa sana kutoka juu, na kidogo kutoka ubavuni. Kitu kikibanwa hivyo hutaka kuteleza. Kuta za nyufa zikasogezana, moja ikishuka kidogo na nyingine ikibaki. Na kuta za ufa si laini kama kioo. Vunja tofali vipande viwili, kisha uvikutanishe kama vilivyokuwa: vitashikana sawasawa, meno kwa pengo. Sogeza kimoja kidogo tu pembeni, na meno hayatakutana tena na mapengo yake; vipande vitagusana hapa na pale, na kati yake patabaki nafasi. Ndivyo ilivyotokea kwenye nyufa za Ekofisk. Mzigo uleule uliotaka kuzifunga uliziteleza, na kuteleza kukasaidia kuziacha wazi, na hata kuzaa nyufa mpya.

Zaidi ya hayo, kule kusagika kwa chaki kulikuwa na faida yake. Sifongo iliyojaa maji ukiikamua, maji hutoka. Sehemu ya maana ya mafuta ya Ekofisk ilitoka kwa sababu mwamba ulikuwa unajikamua wenyewe. Hivyo lile jambo lililokuwa likiyatisha majukwaa ndilo lililokuwa likijaza matangi. Lakini halikuwa jambo la bure kwa upande wa visima pia: mabomba ya chuma yaliyoshuka ndani ya ardhi, miamba inaposogea, yalipindwa na kubanwa, na visima vingi viliharibika.

Dawa iliyotumiwa ilikuwa maji. Kama msukumo umepungua, rudisha msukumo. Kuanzia mwaka 1987 maji ya bahari yalianza kusukumwa kwa wingi ndani ya chaki, baada ya majaribio ya miaka iliyotangulia. Hapo tena nyufa zilileta wasiwasi. Mwamba wenye barabara nyingi waweza kumdanganya mhandisi: maji hukimbilia kwenye nyufa, yakapita moja kwa moja mpaka kwenye kisima cha kutolea mafuta, na kuyaacha mafuta yaliyomo ghalani bila kuguswa. Unasukuma maji huku, na huko unavuna maji.

Kilichookoa Ekofisk ni tabia ya chaki kunywa maji. Tazama utambi wa kandili unavyoinyonya taa mafuta yake bila kusukumwa na mtu. Chaki ya Ekofisk, katika sehemu nyingi, hunyonya maji vivyo hivyo. Maji yalipita kwenye nyufa, yakanyonywa ubavuni na matofali ya chaki, yakaingia kwenye vitundu, na mafuta yakasukumwa nje kuingia barabarani. Hapo mwanzo ilikadiriwa kwamba katika kila mapipa 100 yaliyomo ndani ya mwamba yangepatikana 17 hivi. Leo makadirio hayo yamevuka 50. Tofauti hiyo ni miaka mingi ya kazi na mapato kwa taifa zima.

Pamoja na hayo, bahari haikukubali kumalizana nao upesi hivyo. Watu walitarajia kwamba msukumo ukirudi, kuzama kutakoma. Msukumo ulianza kurudi, lakini kwa miaka kadhaa ya 1990 sakafu iliendelea kushuka kwa karibu sentimita 40 kila mwaka. Sababu yake ni kwamba chaki iliyoloweshwa na maji ya bahari ni dhaifu kuliko chaki iliyojaa mafuta. Maji yaliyoletwa kumsaidia mbebaji mzigo yalikuwa pia yanamlegeza magoti. Ilibidi kujenga mitambo mipya, iliyoanza kazi mwaka 1998, ikiwa imesanifiwa tangu mwanzo kwa kuhesabu kwamba sakafu itaendelea kushuka. Baadaye mwendo ulipungua sana, lakini jumla ya kuzama katikati ya sinia imekwisha kupita mita tisa. Hiyo ni nyumba ya ghorofa tatu.

Tarehe 7 Mei 2001, Ekofisk ilitikiswa na tetemeko la ardhi la kipimo cha zaidi kidogo ya 4. Kwa bahati nzuri halikuleta maafa. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye maji: sehemu ya yale yaliyokuwa yakisukumwa ardhini iliponyoka, badala ya kufika kwenye chaki ikaingia kwenye tabaka la juu yake, ikaunyanyua mwamba kutoka chini na kuufanya uteleze. Kanuni ni ileile tuliyoiona kwenye nyufa ndogo, ila safari hii ufa ulikuwa wa kilomita. Maji yakiingia katika ufa hupunguza nguvu inayozibana kuta zake, na kuta zisizobanwa vizuri huteleza.

Ndugu msikilizaji, huenda wasema: haya ya Norwe yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa sababu nasi tunaishi juu ya ufa. Jina lenyewe tumelipa: Bonde la Ufa. Huko Olkaria nchini Kenya, ambako umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kuzalishwa mwaka 1981, mvuke hupita zaidi katika nyufa za miamba, na wachimbaji huzitafuta nyufa hizo kama wavuvi watafutavyo mkondo. Ardhi ya bonde hilo inavutwa pande mbili, mashariki na magharibi, na hivyo nyufa nyingi zinazofuata urefu wa bonde zina nafasi ya kubaki wazi. Ni kile kitabu kilichobanwa kwa kingo zake. Na mafuta ya Uganda, yaliyogunduliwa kuanzia mwaka 2006 kandokando ya Ziwa Albert, yako katika mkono wa magharibi wa bonde hilohilo. Mwamba wake ni wa mchanga, si chaki, kwa hiyo hakuna sababu ya kusema kwamba yatatokea huko yaliyotokea Ekofisk. Lakini huko nako mipango ya uchimbaji imeingiza kazi ya kusukuma maji ardhini ili kuulinda msukumo, na mwananchi anayesikia habari hiyo sasa anaweza kuelewa ni kwa nini.

Tena anaweza kuuliza maswali yenye maana. Badala ya kuuliza tu ni mapipa mangapi na ni fedha ngapi, aulize: ni nani anayepima mwenendo wa ardhi, na anapima mara ngapi? Maji yanayosukumwa yanakwenda wapi hasa? Vipimo hivyo vinasomwa na serikali au na kampuni peke yake? Huko Ekofisk uzalishaji ulikuwa umeendelea kwa miaka 13 kabla ya watu kutambua kwamba matundu ya ukuta yanazama. Walipotambua, walipima, wakainua, wakajenga, na baadaye wakalaza sakafuni nyaya za kudumu za kusikiliza mwamba unavyosogea. Walikuwa na fedha, na walikuwa na wataalamu. Hata hivyo ilibidi kwanza mtu atazame nguzo aliyozoea kuiona kila siku, na akubali kwamba kuna kitu kimebadilika.

Mafuta yaliyomo ardhini si mali iliyowekwa kabatini ikingoja kuchukuliwa. Yana kazi yanayoifanya kule chini. Yanaubeba mwamba, na kwa kuubeba yanazishikilia nyufa ambazo kwazo yatatoka. Anayeyachukua humwachia mtu mwingine mzigo, na hapana budi ajue mapema ni nani atakayeubeba.

Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo. Kwaheri.